Simu ya Saa Tatu

Saa tatu kasoro dakika, Doreen Hrycak huvua glavu kwa meno,
mkono mmoja watafuta funguo, wa pili uko kwenye simu tayari.
Nje, Mtaa wa Reli una theluji ya Aprili, chafu kama sufuria ya jana,
na ghala la ngano limesimama peke yake, refu,
mwanafunzi aliyeitwa ubaoni akasahau jibu.

Benki yetu ni chumba kimoja na kasha moja.
Palikuwa duka la viatu; siku za mvua ukuta bado hunuka ngozi.
Wateja ndio wenye benki,
mia tatu na kumi na wawili, kila mmoja na hisa yake,
na wote, Mungu awasamehe, hupanda wiki moja.

Hapo ndipo hesabu huuma.
Oktoba kila mtu huleta, kasha huvimba kama shavu lenye jino bovu.
Aprili kila mtu huomba: mbegu, mbolea, dizeli,
gurudumu la trekta la marehemu baba.
Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, sawa,
lakini siku kinga zote zimelowa?

Ndiyo maana ya simu.
Huko Regina, saa mbili na nusu kwa gari,
iko Benki Kuu ya Ushirika, isiyo na dirisha la mkulima.
Yenyewe hukopesha benki tu, ndogo ndogo kama hii.
Ziada yetu ya Oktoba huipeleka kusini, kwa wafuga ng'ombe,
kisha Aprili huturudishia, na ya wengine juu yake,
kwa riba ambayo Doreen huibishania kama bei ya samaki.

Kuna mwaka mvua ya mawe, mayai ya kanga,
ililaza mashamba yote ya magharibi kwa dakika kumi na moja.
Aprili iliyofuata walikuja ishirini na saba, kofia mikononi,
Orest Baran wa mwisho, akidai amepita tu kuuliza saa.
Kasha lilitosha tisa.

Doreen akapiga. Upande wa pili, Bwana Ouellette,
sauti ambayo kwa miaka kumi na tisa hajawahi kuiona uso,
haikuanza na dhamana.
"Udongo ukoje?"
Doreen akatazama kucha zake.
"Umeshika maji, vidole vinne chini."
Kimya. Kalamu ikakwaruza huko Regina.
"Basi tutawaongezea. Ila nitavisoma vitabu vyenu, ukurasa kwa ukurasa.
Na huyo mwenye trekta tatu, huyo hapana."

Mimi mshika leja, niliyezaliwa Kasulu,
nilikolelewa na *kukopa harusi, kulipa matanga*,
niliandika pembeni kwa penseli:

*Kisima kikikauka, kuna kisima cha nyuma,*
*Kamba moja ikichoka, nyingine huja kwa hima,*
*Si kwamba tumeokoka, deni bado latusoma,*
*Tukope kama harusi, tulipe tukiwa wima.*

Doreen aliinama juu ya bega langu.
"Hilo nalo ni deni?"
Nikasema ndiyo, la nyumbani.

Ishirini na sita walilipa, wengine kwa kuchelewa, mmoja kwa matusi.
Orest hakuweza. Aliuza shamba la mashariki;
trekta likaondoka juu ya lori, limefunikwa turubai kichwani,
naye akaja kuchukua risiti, akaikunja mara nne.
Siku hiyo hakuuliza saa.

Mwaka huu Doreen yuko Saskatoon, nyonga yake inatengenezwa.
Saa tatu imefika. Glavu nimevua kwa meno.
Mlangoni wapo sita, wanakung'uta matope.
Simu inalia mara mbili, halafu ile sauti,
nzee kuliko nilivyodhani:
"Theluji?"
Natazama viatu vyao kabla sijajibu.